Kijana Asiye na Makaratasi Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo vijana wenyewe, wazazi wao, na ndugu walioko Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo huyarudia kila wanapopata mtu wa kuwasikiliza. Majibu yanahusu Marekani pekee na yanaeleza sheria kwa ujumla. Sheria za uhamiaji hubadilika kwa amri ya rais, kwa hukumu ya mahakama na kwa kanuni mpya, kwa hiyo yeyote anayetaka kujaza fomu aonane kwanza na wakili. Swali la 19 linaeleza namna ya kumpata.

## Mambo ya msingi

1. Kijana asiye na makaratasi ni nani hasa?

Ni mtu aliyefika Marekani akiwa mtoto au kijana na ambaye sasa hana hadhi yoyote ya uhamiaji inayotambuliwa na serikali kuu: si raia, hana kadi ya kijani (hati ya ukaaji wa kudumu), hana viza iliyo hai, wala hana hifadhi ya ukimbizi. Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hiyo lazima awe amevuka mpaka wa Meksiko kwa miguu. Kwa familia zilizotoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, njia iliyozoeleka ni nyingine kabisa: mtoto alishuka uwanja wa ndege akiwa na mama yake, pasipoti ikagongwa muhuri, viza ya matembezi au ya masomo ya mzazi ikaisha muda, na familia ikabaki. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kisheria, kama inavyoonekana katika swali la 15.

Familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili hazimo katika kundi hili. Waliopelekwa Marekani kwa mpango rasmi wa wakimbizi, wengi wao baada ya miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, wana hadhi tangu siku waliyotua, na hutakiwa kuomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja. Aliyechelewa kuiomba bado ni mkimbizi halali, ingawa ni vyema alishughulikie jambo hilo haraka.

2. Inawezekanaje kijana asijue kwamba hana makaratasi?

Inawezekana sana. Mtoto aliyeingia akiwa na miaka mitatu husoma, hucheza na kukua kama wenzake, na hakuna siku ambayo shule humdai pasipoti. Jambo hufichuka akiwa na miaka 16, anapotaka leseni ya udereva, au 17, anapojaza maombi ya chuo na kufika kwenye nafasi ya SSN, yaani namba ya hifadhi ya jamii ambayo mfanyakazi wa Marekani hutambulishwa nayo. Mwandishi wa habari Jose Antonio Vargas, aliyezaliwa Ufilipino na kukulia California, aligundua akiwa na miaka 16, pale karani wa ofisi ya leseni alipomwambia kwamba kadi yake ya kijani ilikuwa ya bandia. Baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi walioshinda tuzo ya Pulitzer ya mwaka 2008, na mwaka 2011 akajitangaza hadharani.

Wazazi wetu hunyamaza kwa nia njema. Hawataki mtoto abebe mzigo wa watu wazima, na wanaogopa kwamba atalisema jambo hilo shuleni. Hata hivyo sioni kitu kinachowagharimu vijana hawa kuliko ukimya huo, kwa sababu sheria ya uhamiaji inahesabu umri: upo mlango unaofungwa mtoto anapotimiza miaka 16, mwingine akiwa na 18 na nusu, mwingine 21 (tazama maswali ya 14, 16 na 17). Mzazi anayesubiri hadi mwanawe awe mtu mzima, mara nyingi humweleza wakati hakuna tena la kufanya. Mtoto aambiwe kabla hajaingia sekondari, kwa utulivu na kwa ukweli wote, na aelezwe pia nani anaruhusiwa kujua na nani asijue.

3. Mbona mdogo wangu ana pasipoti ya Marekani na mimi sina?

Kwa sababu yeye alizaliwa huko, na Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, ndiyo yaliyompa uraia. Nyumba za namna hii ni nyingi: wazazi hawana hati, kifungua mimba hana, na kitinda mimba ni raia anayeweza kusafiri kwenda Mombasa likizo na kurudi. Wivu na hatia vinavyotokana na hali hiyo ni vya kweli, na wazazi wasivipuuze. Kisheria, ndugu raia anaweza kuwaombea wazazi anapotimiza miaka 21. Ombi la ndugu kwa ndugu lipo pia, lakini foleni yake ni ya miaka mingi na halimpi anayesubiri ruhusa ya kukaa.

## Shule na chuo

4. Je, shule ya umma inaweza kumkataa mtoto asiye na hati?

Haiwezi. Mwaka 1975 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuzinyima wilaya za shule fedha za kuwasomesha watoto walioingia nchini bila idhini, na wilaya ya Tyler ikaanza kuwatoza watoto hao dola 1,000 kwa mwaka. Familia chache zikashtaki. Tarehe 15 Juni 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya bure ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Hukumu hiyo inahusu elimu yote kuanzia chekechea hadi darasa la 12.

Shule inaweza kudai uthibitisho wa umri, wa makazi katika wilaya yake, na wa chanjo. Bili ya umeme au mkataba wa nyumba hutosha kuthibitisha makazi. Haina haki ya kumkatalia mtoto kwa kuwa hana SSN, na karani akisisitiza, mzazi aombe kwa upole kuonana na mkuu wa shule. Aidha, sheria ya mwaka 1974 inayojulikana kama FERPA huizuia shule kutoa taarifa za mwanafunzi kwa watu wa nje bila idhini ya mzazi, isipokuwa katika hali maalumu kama amri ya mahakama.

5. Na chakula cha shule?

Mpango wa chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu hauulizi uhamiaji, na mzazi asiye na SSN huandika tu kwamba hana. Ombeni bila hofu. Safari ya shule inayovuka mpaka, hata ya kwenda Kanada kwa siku moja, mtoto asiende.

6. Je, anaweza kusoma chuo kikuu?

Hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza chuo kumpokea. Uamuzi umeachwa kwa majimbo na vyuo vyenyewe, na tofauti kati ya jimbo na jimbo ni kubwa kiasi kwamba kijana wa Minneapolis na binamu yake wa Atlanta hawawezi kupeana ushauri. South Carolina na Alabama zimefunga vyuo vyao vya umma kwa wasio na hadhi halali, na Georgia, wanakoishi Wakenya wengi, imewazuia katika vyuo vyake vyenye ushindani mkubwa.

Swali la pili ni karo. Chuo cha umma humtoza mkazi wa jimbo karo ndogo, na mgeni huweza kutozwa mara mbili au tatu zaidi. Texas ilikuwa ya kwanza kuwaruhusu vijana hawa kulipa karo ya mkazi, mwaka 2001, California ikafuata mwaka huohuo. Maryland iliidhinisha kwa kura ya wananchi mwaka 2012, na Minnesota kwa sheria ya 2013. Texas iliyoanza ndiyo iliyorudi nyuma: mwezi Juni 2025, baada ya serikali kuu kuishtaki, mahakama iliitengua sheria hiyo, na familia zilizokuwa zimepanga bajeti ya miaka minne zikajikuta hazina mpango. Kwa sababu hiyo kijana aulize ofisi ya udahili kila mwaka, na asitegemee habari ya mwaka jana.

Chuo cha jamii cha miaka miwili mara nyingi ndiyo njia yenye unafuu kuliko zote. Hakuna aibu kuanzia hapo.

7. Vipi kuhusu mikopo na ruzuku za serikali?

Ruzuku na mikopo ya serikali kuu, inayoombwa kupitia fomu ya FAFSA, haiwahusu. Asiandike kamwe SSN ya kubuni au ya mtu mwingine ili fomu ikubali. Baadhi ya majimbo yana fomu zao. California ina yake tangu sheria za mwaka 2011. Vipo pia vyuo binafsi na mifuko ya misaada isiyouliza uraia, na mshauri wa wanafunzi shuleni ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mtoto aliye raia lakini ambaye wazazi wake hawana hati ana haki ya kuomba msaada huo. Hali ya wazazi haimnyimi, ingawa taarifa zao huingia katika mfumo wa serikali, na familia inapaswa kuupima uamuzi huo pamoja na wakili.

## Kazi, gari, hospitali na nyumbani

8. Je, anaweza kuajiriwa?

Tangu sheria ya mwaka 1986, kila mwajiri lazima ajaze fomu ya I-9 kuthibitisha kwamba mfanyakazi ana ruhusa ya kufanya kazi. Asiye na kibali hana ruhusa hiyo. Kwa kweli wengi hufanya kazi za kulea wazee, usafi, ujenzi na mikahawani, hulipwa taslimu, na wapo wanaopunjwa kwa sababu mwajiri anajua hawatalalamika. Sheria za kima cha chini cha mshahara humlinda pia asiye na hati, na saa alizokwisha kufanya kazi ni lazima zilipwe.

Hapa pana hatari ambayo vijana huingia bila kujua. Fomu ya I-9 ina kisanduku cha «raia wa Marekani». Anayekitia alama bila kuwa raia ametoa dai la uongo la uraia, kosa ambalo humfungia njia ya kadi ya kijani maisha yake yote na halina msamaha kwa walio wengi. Kuzidisha muda wa viza huweza kusamehewa, hasa kwa ndoa ya kweli. Alama ile haisameheki hivyo.

9. Je, alipe kodi?

Ndiyo. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, hutoa namba ya ITIN kwa wasioweza kupata SSN, nayo huombwa kwa fomu ya W-7. Rekodi ya kulipa kodi imewasaidia wengi mbele ya jaji wa uhamiaji.

10. Leseni ya udereva inapatikana?

Inategemea jimbo. California hutoa leseni bila kujali uhamiaji tangu Januari 2015, New York tangu Desemba 2019, Massachusetts tangu Julai 2023 na Minnesota tangu Oktoba 2023. Texas na Georgia hazitoi. Leseni hizi si kitambulisho cha kupandia ndege chini ya kanuni za vitambulisho za serikali kuu ziitwazo REAL ID, zilizoanza kutekelezwa Mei 2025. Hata hivyo pasipoti ya nchi yako bado ni kitambulisho.

Kuendesha gari bila leseni ndiko kunakowafikisha vijana wengi mikononi mwa idara ya uhamiaji. Taa ya nyuma haiwaki, polisi anasimamisha gari, kijana anapelekwa kituoni, alama zake za vidole zinachukuliwa, na alama hizo hutumwa pia kwa mamlaka za uhamiaji. Katika majimbo yasiyotoa leseni, basi au gari la mwenzako mwenye leseni si usumbufu, ni kinga.

11. Akiugua?

Sheria ya mwaka 1986 inailazimu idara ya dharura ya hospitali kumpima na kumtuliza mgonjwa mwenye hali ya hatari bila kujali hati wala uwezo wa kulipa. Bili itakuja baadaye, na inaweza kujadiliwa; hospitali nyingi zina mpango wa msaada ambao lazima uuombe mwenyewe. Kwa matibabu ya kawaida, vipo vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato.

12. Ndugu zangu nyumbani wananiuliza kwa nini sirudi kuwaona. Niseme nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote, na ni zito. Kwa walioko Kisumu au Moshi, aliyeko Marekani amefanikiwa: anatakiwa achangie harusi, alipie karo ya binamu, na ajenge kwao. Hawaoni kwamba kijana huyo analala sebuleni kwa shangazi, anafanya kazi mbili za malipo ya taslimu, na anashtuka kila mama anapochelewa kurudi usiku. Akisema hana makaratasi, anaogopa kuonekana ameshindwa. Akinyamaza, anaitwa mchoyo aliyewasahau wake. Marafiki shuleni nao wanapanga safari na mafunzo ya kazi ya kiangazi, naye anabuni visingizio hadi anajitenga nao.

Maoni yangu ni kwamba mtu mmoja au wawili wa kuaminika nyumbani waelezwe ukweli wote, ili wawe wa kumkinga kijana katika vikao vya ukoo. Huko Marekani, mshauri wa wanafunzi, mchungaji au imamu anayetunza siri anaweza kuwa mtu wa kwanza wa kuzungumza naye. Wazazi nao wakumbuke kwamba kijana asiyelala, asiyekula na aliyeacha masomo ghafla anahitaji msaada wa kitaalamu. Kuhusu safari zenyewe, tazama swali la 26.

## Njia za kisheria

13. DACA ni nini, na bado ipo?

Ni mpango uliotangazwa na serikali ya Rais Obama tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili baada ya hukumu ya Plyler. Humpa kijana kinga ya muda dhidi ya kuondolewa nchini pamoja na kibali cha kazi cha miaka miwili kinachoweza kuhuishwa. Haitoi kadi ya kijani wala uraia. Masharti makuu ni kuwa aliingia kabla ya kutimiza miaka 16, ameishi Marekani mfululizo tangu 15 Juni 2007, alikuwa chini ya miaka 31 tarehe 15 Juni 2012, anasoma au amemaliza sekondari, na hana makosa makubwa ya jinai. Zaidi ya watu 800,000 wameupata tangu uanze.

Mpango huu umekuwa mahakamani karibu muda wote wa uhai wake. Serikali ya Rais Trump ilitangaza kuufuta Septemba 2017, na Mahakama ya Juu ikazuia ufutaji huo 18 Juni 2020 kwa kura 5 dhidi ya 4. Julai 2021 Jaji Andrew Hanen wa Texas aliamua kwamba mpango wenyewe si halali. Waliokuwa nao wakaruhusiwa kuuhuisha, lakini maombi mapya yakapokelewa bila kuamuliwa. Januari 2025 mahakama ya rufaa ilipunguza athari za hukumu hiyo ili ziihusu Texas, na kesi ikarudishwa kwa jaji.

Aliye nao aombe kuuhuisha siku 120 hadi 150 kabla ya kuisha. Kwa wadogo, ukweli ni mchungu: wanafunzi walio sekondari leo, kwa sehemu kubwa, walizaliwa au waliingia baada ya Juni 2007, na hata milango ikifunguliwa tena kwa masharti yaleyale, wao hawamo. Bunge ndilo linaloweza kubadilisha hilo. Muswada wa DREAM, wa kuwapa vijana hawa njia ya ukaaji halali, uliwasilishwa mara ya kwanza mwaka 2001; Desemba 2010 ulipita Baraza la Wawakilishi, ukapata kura 55 katika Seneti mahali palipohitajika 60.

14. Kwa nini watu husema «miaka 18 na nusu»?

Sheria ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyekaa bila hadhi kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hazuiliwi milele bali kwa miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi huzuiliwa miaka 10. Siku ambazo mtu yuko chini ya miaka 18 hazihesabiwi. Kwa hiyo anayeondoka kabla ya kufikisha miaka 18 na miezi sita hana kizuizi hicho, na kama ipo viza anayostahili, anaweza kuisubiria nyumbani. Kumbuka kwamba kizuizi huanza mtu anapotoka nje ya Marekani. Aliyebaki ndani hakimgusi bado.

Muda wa kuwa na DACA pia hauhesabiwi. Kwa walioingia kwa viza ya masomo isiyoandikwa tarehe ya mwisho, hesabu huanza pale tu ofisa au jaji wa uhamiaji atakapoamua rasmi kwamba wamekiuka masharti.

15. Nikioa au kuolewa na raia, nitapata makaratasi?

Kama uliingia kwa viza na kukaguliwa uwanja wa ndege, kwa kawaida ndiyo: unaweza kuomba kadi ya kijani ukiwa humohumo Marekani, hata kama viza iliisha miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo stakabadhi ya kuingia na pasipoti ya zamani yenye muhuri ni mali, zisitupwe. Aliyeingia bila kukaguliwa kwa kawaida hulazimika kutoka nje, ambako kizuizi cha swali la 14 humsubiri, na atahitaji msamaha unaoombwa mapema.

Ndoa ya makaratasi, yaani ya kulipana, ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, na rekodi yake hufunga maombi yote ya baadaye ya familia. Anayekushawishi kufanya hivyo hakutakii mema, hata awe ndugu.

16. Nalelewa na mjomba ambaye ni raia. Hawezi kuniombea?

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wa nyumbani, lakini sheria ya Marekani haimtambui hivyo: mjomba, shangazi, babu au bibi hawawezi kumwombea. Njia iliyopo ni kumwasili kisheria kabla hajatimiza miaka 16, na kuishi naye chini ya malezi yao kwa miaka miwili. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Hague kuhusu kuasili, Kenya ikiwemo, zina masharti ya ziada, na anayeharakisha bila wakili anaweza kuharibu kesi nzima.

17. Baba alitutelekeza. Hilo lina maana yoyote?

Lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 1990 ipo hadhi maalumu ya watoto, SIJ, kwa aliye chini ya miaka 21, asiyeoa wala kuolewa, ambaye mahakama ya jimbo imethibitisha kwamba ametelekezwa, kuteswa au kutojaliwa na mzazi. Mzazi mmoja anatosha. Kijana anayeishi na mama mwema na ambaye baba alipotea anaweza kustahili. Katika majimbo kadhaa mahakama za watoto hazipokei aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo muda halisi ni mfupi kuliko ule wa 21.

Aliyefanyiwa uhalifu mkubwa na akashirikiana na polisi anaweza kuomba viza ya U, na aliyesafirishwa kwa hila na kutumikishwa, viza ya T. Wasichana walioletwa kufanya kazi za ndani bila malipo, hata kwa jamaa, wamo katika maana hiyo.

18. Nikishinda bahati nasibu ya viza?

Aliye Marekani bila hadhi kwa kawaida hawezi kubadilishiwa hadhi hapo ndani, na akitoka nje kizuizi cha swali la 14 humnasa.

19. Nitampataje wakili wa kweli?

Mahakama ya uhamiaji haimpi mtu wakili wa serikali, hata awe mtoto. Wanaoruhusiwa kisheria kukuwakilisha ni mawakili wenye leseni na wawakilishi wa mashirika waliosajiliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Majina yao hukaguliwa bure. Mtu mwema wa kanisani au msikitini anayejaza fomu kwa ada, au anayejiita mshauri wa uhamiaji, si mmoja wao, na fomu moja ya uongo huweza kuanzisha kesi ya kuondolewa. Uliza vyuo vyenye kliniki za sheria na mashirika ya msaada wa kisheria, omba mkataba wa maandishi na risiti, na ubaki na nakala ya kila karatasi.

## Maofisa wa uhamiaji

20. Wakibisha hodi nyumbani, au wakija shuleni?

Linapokuja suala la kuingia nyumbani bila ridhaa, sheria imetofautisha kwa muda mrefu hati ya ukamataji au upekuzi iliyosainiwa na jaji wa mahakama na ile inayosainiwa na idara ya uhamiaji yenyewe. Mtoto afundishwe kutofungua mlango, kuomba hati ipitishwe chini yake, kutosaini kitu, kutodanganya, na kusema kwamba anataka kuzungumza na wakili. Haki ya kunyamaza ni ya kila mtu aliye katika ardhi ya Marekani.

Mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa ICE, idara inayokamata na kuondoa wahamiaji, kufanya ukamataji shuleni, hospitalini na katika nyumba za ibada uliondolewa Januari 2025. Wilaya nyingi za shule zina taratibu zao za kuwapokea maofisa hao; mzazi ana haki ya kuziuliza.

21. Mama akikamatwa nikiwa shuleni, nifanye nini?

Jibu lazima liwepo kabla ya siku hiyo. Andikeni shuleni majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, saini hati ya kumpa mtu mzima mwenye hadhi mamlaka ya malezi ya muda, na wekeni mahali pamoja vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, namba za kesi na namba ya wakili. Kijana mkubwa ajue kutafuta jina la mzazi katika mtandao wa ICE unaoonyesha alikozuiliwa, kwa kutumia jina, nchi na tarehe ya kuzaliwa.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nimeambiwa nijiandikishe jeshini nikitimiza miaka 18. Ni kweli?

Sheria ya uandikishaji inawahusu wanaume wote wenye miaka 18 hadi 25 waishio Marekani, wakiwemo wasio na hati. Wenye viza halali za muda wameachwa nje. Kuandikishwa si kupelekwa vitani, na hakuna aliyeitwa kwa lazima tangu 1973. Asiyeandikishwa anaweza kuulizwa jambo hilo siku atakapoomba uraia.

23. Bangi ni halali katika jimbo langu. Kuna tatizo?

Kwa mhamiaji, lipo. Sheria ya serikali kuu bado inaikataza, na kukiri mbele ya ofisa kwamba umeitumia kunaweza kukunyima kadi ya kijani hata kama hujawahi kushtakiwa. Kufanya kazi katika duka lake ni hatari vilevile.

24. Ofisi ya leseni iliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura.

Kataa, kila mara, hata karani akikuambia ni kawaida. Madhara ni yale ya swali la 8.

25. Je, inawezekana mimi ni raia na sijui?

Inawezekana. Chini ya sheria iliyoanza kutumika 27 Februari 2001, mtoto mwenye kadi ya kijani anayeishi na mzazi wake aliyepata uraia huwa raia papo hapo, mradi mambo hayo yote yametimia kabla ya miaka 18. Wapo vijana, hasa katika familia za wakimbizi, waliohangaika kuhuisha kadi kumbe walistahili pasipoti.

26. Bibi amefariki nyumbani. Naweza kwenda kuzika?

Mwenye DACA anaweza kuomba kibali cha kusafiri na kurudi kwa sababu ya kibinadamu, masomo au kazi, kwa fomu ya I-131. Msiba na ugonjwa mkubwa wa jamaa ni sababu zinazokubalika, na ombi la dharura huhitaji cheti cha kifo au barua ya hospitali, ambavyo ndugu wavitume mara moja. Asipande ndege kabla ya kibali kuwa mkononi, na akague kwanza na wakili kama ana amri ya zamani ya kuondolewa.

Asiye na DACA akiondoka, huangukia kizuizi cha swali la 14, nacho ni cha miaka 10 kama amekaa bila hadhi mwaka mmoja au zaidi baada ya kutimiza miaka 18. Ndugu walioko msibani wanaomlaumu kwa kutofika waambiwe jambo hili waziwazi. Familia nyingi sasa hurusha ibada kwa simu, humpa aliye mbali nafasi ya kusoma wasifu wa marehemu, na matanga hufanyika pande zote mbili za bahari.

27. Nikiamua kurudi kwa hiari, nijiandae vipi?

Kwanza pata hesabu kamili ya siku zako (swali la 14), na kama una kesi mahakamani usiondoke kimyakimya. Kukosa kufika huzaa amri ya kuondolewa, ilhali jaji anaweza kukupa ruhusa ya kuondoka kwa hiari. Huisha pasipoti katika ubalozi wa nchi yako mapema. Kijana wa Tanzania au Kenya ambaye hakuwahi kuchukua uraia mwingine bado ni raia wa kwao, hata kama hakumbuki mtaa aliozaliwa.

Chukua vyeti na matokeo ya shule yakiwa yamefungwa kwa muhuri wa shule yenyewe, pamoja na rekodi za chanjo na za hospitali. Cheti cha sekondari cha Marekani hulinganishwa na cha ndani kupitia Baraza la Mitihani, yaani NECTA kwa Tanzania na KNEC kwa Kenya, kabla chuo hakijakupokea, na ni rahisi zaidi kuiomba shule karatasi inayokosekana ukiwa bado uko mji huohuo.